Ile ya Kumi na Mbili na Ile ya Ishirini

Wiki iliyopita nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, huku Bofa, hoteli ya jirani wakaleta mtu wa kufukuza kunguru. Sikuwa na habari. Nikasikia mlio mmoja mkavu, kunguru wakaruka wote kwa kelele, halafu upepo ukaleta harufu ya baruti juu ya ukuta. Nikabaki nimesimama na shuka mkononi, maji yananichuruzikia miguuni. Binti yangu akaniuliza kama nimeshtuka. Nikamwambia hapana. Harufu ile kwa wengine ni harufu ya majambazi au ya polisi. Kwangu mimi ni harufu ya mikono ya Baba, Mungu amrehemu, na ya mtandio wangu wa utoto, na ya shamba la mkonge lililokuwa upande huu huu wa Kilifi, jua likiwa limeanza kulegea.

Sisi ni watu wa Mambrui. Baba alikuwa na shamba la mahindi na mikorosho, na kwa sababu ya ndege na nyani serikali ilimpa kibali cha bunduki ya marisau, ile ambayo haitoi risasi moja, inatoa chembe nyingi ndogo ndogo kama mtama. Kibali kilikuwa cha bunduki moja tu. Wakati ule mtu mwenye ruhusa alikuwa bado anaweza kupiga ndege, na Baba akipiga kanga, wale wa madoadoa, na kwale wanaofukua mbegu zikiwa bado hazijaota. Alikuwa hapigi kwa fujo. Akipata wawili, watatu, tunarudi nyumbani.

Nasema tunarudi kwa sababu nilikuwa naye. Kaka zangu walikuwa wakubwa, wameshahamia Mombasa, nyumbani tumebaki mimi na Mama na Bibi, mama yake Baba. Na kazi ile ilitaka mtu wa mbio. Ndege aliyekufa kwa marisau kwetu haliwi. Lazima umfikie akiwa bado na roho, umchinje kwa jina la Mwenyezi Mungu, la sivyo ni mzoga. Baba alibeba bunduki, mimi nikabeba kisu, kimefungwa kiunoni kwa leso kuukuu ya Mama. Alisema mwenye bunduki hatakiwi kuwa na haraka nyingine yoyote. Ndege akianguka nakimbia, nambana mabawa asijiumize, napiga kelele, "Yu hai!" Baba anaweka bunduki chini, anakuja, anachukua kisu kiunoni mwangu, anachinja. Nikikuta ameshakufa sisemi kitu, na hapo anakuja Kazungu.

Kazungu alikuwa rafiki yake Baba, Mgiriama, wakilima pamoja lile shamba. Alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, isipokuwa Baba akimwambia kuna safari. Ndege waliokufa walikuwa fungu lake. Alikuwa akimwambia Baba, "Ndugu yangu, wewe shabaha yako ikiwa nzuri sana ndio mimi nashiba."

Nataka niseme pia jinsi nyumba yetu ilivyokuwa, maana bila hilo hili jambo halieleweki. Kwetu mwanamke hachinji. Hakuna aliyetufundisha hivyo kwenye chuo cha Qurani wala nyumbani, ndivyo tulivyokuta. Nimemwona Bibi zaidi ya mara moja amesimama mlangoni, kuku mkono mmoja, kisu mkono wa pili, anangoja mwanamume yeyote apite njiani amwite amchinjie. Akipita kijana mdogo tu mwenye kofia, anaitwa. Asipopita mtu, kuku anarudishwa bandani na siku hiyo tunakula mchicha. Sisi tuliona ni sawa. Na kila nyama iliyoingia kwenye nyumba ile, kabla Bibi hajatia mkono kwenye sahani, aliuliza nani kachinja. Mama anajibu, "Mwanao." Basi Bibi anasema Bismillah, anakula.

Sasa ile bunduki ya zamani ikaharibika. Mtutu mmoja ulipata ufa, na fundi wa Malindi akamwambia Baba asiitie tena risasi kama anataka uso wake ubaki ulivyo. Kwa bahati kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu mwenye shamba la mkonge Kilifi, anarudi kwao, anauza zake mbili. Baba alimjua kwa mchezo wa sahani. Kila Jumapili mzee yule alikuwa akiita watu shambani kwake, kuna mtambo wa springi unarusha kisahani cha udongo juu angani, na mpigaji anakivunja kikiwa kinakwenda. Baba alikuwa hodari. Hakuwa mtu wa baraza wala wa karata. Kwa wiki nzima starehe yake ilikuwa ile asubuhi moja ya sahani.

Mzee akamwambia aje Jumapili azijaribu zote mbili, asubuhi kwenye sahani, alasiri kwenye ndege, halafu Jumatatu jioni ampigie simu amwambie anachukua ipi.

Ikawa ndio mazungumzo ya nyumba nzima. Barazani, Baba na Kazungu wanasema kumi na mbili na ishirini, maana ndivyo bunduki zile zinavyoitwa, kwa namba. Ndani, wakati wa chakula, Baba akimweleza Mama anasema ile kubwa na ile ndogo. Ile kubwa, alisema, ni nzito, mtutu mrefu, mdomo wake umebanwa, marisau yanakwenda pamoja kama ngumi. Sahani ikiguswa haibaki. Lakini ndege akiguswa anafia hewani. Ile ndogo ni nyepesi, marisau yake ni machache na yanatawanyika. Ndege anavunjika bawa, anaanguka na roho yake. Sahani ndio utata. Utavunja, lakini utakosa nyingi.

Bibi alisikia, akasema neno lake bila kuacha kuchambua mchele. "Chukua hiyo ya sahani. Ndege waachie Mungu, kuku wamejaa uani. Na huyu mtoto keshakuwa mrefu. Kukimbia porini na kisu kiunoni ndio kazi gani ya msichana?"

Baba hakuwa akimjibu mama yake. Mimi nikaelewa papo hapo kwamba siku zangu zimehesabiwa. Baba akichukua kubwa, hakuna ndege wa kufukuziwa, hakuna mtu wa mbio, nakaa ndani nachambua mchele pale pembeni ya Bibi mpaka niolewe. Akichukua ndogo, naendelea kwenda. Kwangu mimi dunia yote ilikuwa imeingia kwenye mitutu ile miwili.

Basi nikaomba. Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba ukisujudu ndipo unapokuwa karibu zaidi na Mola wako, ukiomba hapo unasikiwa. Wiki nzima, kila sijda, nikawa naomba jambo moja tu: Ya Rabbi, Baba achukue kumi na mbili. Kwa sababu nilijua hesabu. Kumi na mbili ni ndogo, ishirini ni kubwa. Nilikuwa wa pili darasani.

Jumapili tukaondoka alfajiri na pikapu ya Baba, mimi katikati, Kazungu dirishani. Tulipofika, watu walikuwa wameshakusanyika, kuna harufu ya mkonge mbichi, ile harufu kali inayokaribia kuwa mbaya. Mzee akatoa bunduki ya kwanza kwenye mfuko wa ngozi, ndefu, mitutu yake imekaa mmoja juu ya mwenzake, akampa Baba na kumwambia hii ndiyo kumi na mbili. Niliona Baba alivyoipokea kwa mikono miwili. Mikono ilishuka kwa uzito.

Nikamvuta Kazungu shati. Nikamwuliza mbona kumi na mbili ndiyo nzito. Akasema, "Ndivyo ilivyo, mama. Namba ikipanda, tundu linashuka. Usiniulize kwa nini, mimi mtu wa jembe."

Sababu yake niliijua nikiwa mtu mzima, nina watoto watatu, nakwenda masomo ya jioni na kitabu nimekificha kwenye kikapu cha soko. Siku hiyo mwalimu akaandika ubaoni kwamba kitu kikigawanywa kwa ishirini, kila fungu ni dogo kuliko kikigawanywa kwa kumi na mbili. Nikacheka peke yangu darasani. Kumbe ndiyo hiyo. Bunduki hupewa namba kwa kugawanya ratili moja ya madini ya risasi kuwa mafungu sawa, na namba ndiyo hesabu ya mafungu. Mafungu yakizidi, kila moja linapungua, na tundu linapungua nalo. Lakini pale shambani sikujua hayo. Nilijua kitu kimoja, kwamba wiki nzima nimemwomba Mungu aniletee msiba wangu mwenyewe. Nikaenda nyuma ya pikapu, nikasimama karibu na gurudumu, nikamweleza Mungu kwa sauti ya chini kwamba nimekosea namba, na kwamba kama ameshaamua naomba arudie.

Ilikuwa kama hakusikia, maana Baba hakuwahi kupiga kama asubuhi ile. Alikuwa anasema "Haya," mtambo unalia, kisahani kinatoka kimelala ubavu, cheusi, kina mzingo wa rangi ya chungwa, na Baba anainuka nacho pole pole kama mtu anayekisindikiza. Halafu mlio. Pale kilipokuwa panabaki wingu la vumbi jeusi. Watu wakapiga makofi. Sikuwa nimemwona Baba akiwa na uso ule. Alionekana mdogo, kama picha yake iliyokuwa sandukuni ya kabla hajamuoa Mama. Nilimfurahia, na huku roho inaniuma.

Ilipokuja zamu ya ile nyepesi, ya ishirini, mambo yakageuka. Alizoea kungoja sahani ifike mbali, na bunduki ile ilitaka apige mapema. Sahani moja ikavunjika, mbili zikaenda zao. Bwana mmoja mfupi, mwenye duka la vyuma mjini Kilifi, akamtania, "Sheikh, unazipiga au unazipungia mkono?" Wakacheka wote, Baba naye akacheka. Mimi nilikuwa naokota zile zilizoanguka nzima majanini, nikiona kila moja kama ushahidi dhidi yangu. Lakini kuelekea mwisho niliona ameanza kuwahi, bunduki ikipanda haraka begani, na sahani nyingine zikapasuka hata kabla hazijafika juu. Hazikuwa vumbi. Zilipasuka vipande viwili, vitatu.

Adhuhuri Baba alisali mwisho wa mistari ya mkonge, mimi nyuma yake. Shamba lile lilikuwa limepandwa kwa kamba, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, na kibla ilikuwa imefuata mistari ile ile. Nililiona hilo nikiwa nimekaa baada ya sala, nikalisahau.

Alasiri tukaingia pembezoni, palipo na vichaka. Alianza na nzito. Kanga waliruka kundi zima, ule mruko wao wa kelele kama sufuria zinaanguka, na wawili wakashuka kama mawe. Nilikimbia mpaka kifua kinaniwaka. Wote wawili vichwa vimelala, macho yamefumba. Sikusema kitu. Kazungu akaja, akamwinua mmoja kwa miguu, akamtazama vizuri, akasema, "Huyu kafa Mkristo." Baba akacheka mpaka akashika tumbo. Kazungu akafurahi, akamwambia achukue hiyo hiyo, ni bunduki nzuri sana.

Akabadilisha. Tukafuata uzio wa seng'enge, Baba upande wa mkonge, mimi nimepita chini ya waya upande wa vichaka kama kawaida yetu, kwa sababu ndege huangukia huko. Kanga mmoja akatoka karibu na miguu yangu, akapanda juu mbali nami. Mlio ukaja, mwepesi kuliko ule mwingine, na kanga akaporomoka bawa moja limening'inia, akafika chini, akaanza kukimbia. Nikamfuata ndani ya miiba. Sijui nilikimbia kiasi gani. Nilimpata amejibana kwenye kisiki, nikamshika mabawa, naye akanipiga nalo moja, akanikwaruza mkono wote. Nikapiga kelele, "Yu hai!"

Baba akajibu, "Mshike, naja." Lakini alikuwa ng'ambo ya waya. Ilibidi atoe risasi, alaze bunduki chini, amwachie Kazungu, halafu azunguke mpaka penye lango, na lango lilikuwa mbali. Nilimwona anakimbia kando ya uzio, kanzu ameikunja mkononi, anatafuta pa kupita, mtu mzima mwenye mwili wake. Na mikononi mwangu ndege anazidi kuwa mzito. Mapigo yale ya moyo wake niliyokuwa nayasikia kwenye viganja yalikuwa yanapungua. Jicho moja linafumba na kufumbua.

Sikufikiri kwamba mimi ni msichana. Hilo nalisema mbele ya Mungu. Nilifikiri kwamba akifa, ni mzoga, na ndege huyu amekufa bure. Nikatazama mistari ya mkonge upande wa pili wa waya, nikamgeuza kichwa kuelekea mistari ilikokwenda. Nikamkanyaga mabawa taratibu. Nikafungua leso, nikatoa kisu. Nikasema, "Bismillah, Allahu Akbar." Kisu cha Baba kilikuwa kikali siku zote.

Alipofika, anahema, ndege alikuwa ametulia na mimi nimekaa chini, nimeweka kisu juu ya majani ili nisikishike tena. Akachuchumaa. Akatazama damu. Akagusa shingo kwa vidole, akatazama jua liko wapi, akatazama mistari. Akaniuliza nimesema nini, nikamwambia. Akapangusa kisu kwa majani yeye mwenyewe, akakirudisha kwenye leso, akanifunga kiunoni. Nilidhani amekasirika.

Kazungu akauliza kutoka ng'ambo ya waya kama kuna fungu lake pale. Baba akamjibu, "Huyu hapana. Huyu wa kwetu."

Magharibi tukasali Malindi, nami nikangoja kwenye pikapu baada ya sala muda mrefu kuliko kawaida, maana Baba alikuwa ndani ya msikiti anaongea na mwalimu aliyewahi kumsomesha. Alipotoka sikuona chochote usoni mwake. Ndege alikuwa miguuni mwangu, amefungwa kwenye gunia.

Kesho yake niliporudi kutoka shule mchana, nyumba yote inanukia nazi na pilipili manga. Mama alikuwa ameshampika. Alijua, Baba alikuwa amemwambia, naye akampika vilevile, kwa viungo vya siku ya sikukuu. Tukakaa mkekani. Bibi akanawa, akasogeza sahani, akauliza kama anavyouliza siku zote.

"Nani kachinja?"

Mama akamtazama Baba. Baba akasema, "Mjukuu wako."

Bibi akautoa mkono kwenye sahani, akauweka gotini. Hakumtazama Baba wala Mama, alinitazama mimi, na mimi nikaona leo nimekwisha. Akaniuliza nilielekea wapi. Nikamwambia kibla, niliifuata mistari ya mkonge, kwa sababu Baba alisali kuifuata hiyo hiyo adhuhuri. Akaniuliza kama ndege alikuwa akipumua. Nikamwonyesha mkono wangu uliokwaruzwa. Akauliza kama nimekata koo na umio. Nikasema vyote viwili. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mkono ulitetemeka?"

"Baada ya kuchinja, Bibi. Kabla haukutetemeka."

Nilihisi nahukumiwa. Miaka mingi niliikumbuka siku ile hivyo, kama mahakama. Sasa nami nimeshapita umri wa Mama wa wakati ule, na nikiurudia uso wa Bibi nauona tofauti. Bibi hakuwa ananihukumu. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza njia ya mahali ambako siku zote alitaka kwenda.

Akamgeukia Baba. "Na mwalimu kasema nini? Maana najua ulimwuliza."

"Kasema ni halali, Mama. Kasema mwanamke akichinja ni halali, na mtoto mwenye akili timamu vilevile. Kasema hata haikuwa swali gumu."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

"Uliuliza?"

Bibi akafikiri. Alikuwa mkweli sana, hata jambo likiwa dhidi yake. "Sikuuliza," akasema. Akarudisha mkono kwenye sahani, akasema Bismillah kwa sauti sote tusikie, akachukua paja. Alikula taratibu, akaufyonza mfupa, akaulaza pembeni ya sahani. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, lakini niliona mabega yake yameshuka kama mtu aliyetua ndoo.

Bibi akamwuliza Baba hizo bunduki ameamuaje. Baba akasema ile nzito hajawahi kushika kitu kama kile, na kwamba akichukua nyepesi Jumapili atakuwa anachekwa.

"Chekwa," Bibi akasema.

Baba akatabasamu huku anatazama chakula chake. Akasema mbona hata hivyo mkono umeanza kuizoea, sahani za karibu anazipata, na kwa mtu mwenye kibali cha moja, ile ndogo inaweza kazi zote mbili kama mwenyewe ataridhika na chache. Alilisema hilo la kuridhika kwa namna ya mtu ambaye ameshafika huko. Akanawa, akatafuta viatu vyake aende posta kupiga simu.

Mimi nilibaki na tonge mkononi. Bunduki ilikuwa imeamuliwa, lakini mimi hakuna aliyenitaja, na sikuthubutu kuuliza. Bibi akaunyooshea mguu wangu kidole, pale miiba ilipochora kuanzia goti mpaka kifundo, akamwambia Mama:

"Mshonee suruali ndefu avae ndani ya gauni. Ndege hatamngoja ajikune."

Mama akainuka hapo hapo kutafuta kitambaa, hata mikono hajanawa, kabla Bibi hajabadilisha nia.